Picha za ndege wa ufukweni Bagamoyo: dalili, chanzo na dawa yake

Picha nyingi mbaya za ndege wa ufukweni haziharibiwi na kamera. Zinaharibiwa na maji yaliyokupwa mbali, jua lililokuwa usoni kwa mpigaji, upepo uliomgeuza ndege akatoa mgongo, au mchanga uliokuwa unachemka chini ya lenzi. Ndiyo maana mtu hununua lenzi kubwa zaidi na bado akarudi nyumbani na picha zilezile. Hapa tunaanza na kile kinachoonekana kwenye picha, tunakirudisha kwenye chanzo chake, kisha tunasema lini uhariri utasaidia na lini ni kupoteza muda. Mifano ni ya Bagamoyo: ufukwe wa mjini na soko la samaki, tope la Kaole na Mbegani, na mashamba ya chumvi ya Nunge.

"Picha imecheza"

Hili ndilo lalamiko la kwanza, na ndilo linalotibiwa vibaya kuliko yote, kwa sababu kila picha isiyokaza inapewa jina hilohilo. Vyanzo ni vitano, na kila kimoja kinaacha alama yake. Fungua picha kwenye kompyuta, ikuze hadi asilimia 100, na usimtazame ndege kwanza. Tazama mchanga.

Ukiwa umepiga ukiwa chini, utaona mkanda mwembamba unaokatiza picha kutoka kushoto kwenda kulia, ambamo punje za mchanga unaweza kuzihesabu moja moja. Mbele ya mkanda huo punje zinayeyuka, na nyuma yake vilevile. Mkanda huo ndipo lenzi ilipolenga. Sasa tafuta miguu ya ndege imesimama wapi.

*Mkanda uko mbele au nyuma ya miguu.* Fokasi imekosea. Mara nyingi kamera imeachiwa eneo pana la kulenga, nayo ikashika kilicho rahisi zaidi: povu la wimbi nyuma ya ndege, au kilima kidogo cha mchanga mbele yake. Kumbuka ukubwa wa kosa unaoruhusiwa. Lenzi ya milimita 400, upenyo (tundu la kupitishia mwanga) f/5.6, kamera ya kihisi kidogo cha APS-C (kihisi ndicho kinachopokea mwanga ndani ya kamera), ndege akiwa mita 8: eneo lote lililokaza lina kina cha sentimita 9 tu. Ukifunga upenyo hadi f/8 unapata kama sentimita 13. Chekeamwezi mdogo aliyekaa ubavu anaenea humo, lakini akikuelekea wewe, jicho likikaza mkia unapotea. Hilo si kosa, mradi jicho limekaza.

Dawa: tumia fokasi ya kuendelea, yaani AF-C kwenye Nikon na Sony au Servo kwenye Canon. Punguza eneo la kulenga liwe nukta moja au kundi dogo la nukta. Kamera mpya zinazotambua jicho la ndege zinafanya kazi nzuri kwa ndege mkubwa kama sululu, ila kwa ndege mdogo aliye mbali kwenye maji yanayometameta hushika mmeto wa maji na kukuonyesha kijisanduku kwa kujiamini kabisa. Ukiona kijisanduku kinarukaruka, zima utambuzi huo na urudi kwenye nukta moja. Lenzi ikiwa na swichi ya kuzuia umbali wa karibu, iwashe, ili fokasi isisafiri kwenda na kurudi ndege akiwa anaondoka.

*Hakuna mkanda wowote. Punje zote zimekuwa vistari vinavyoelekea upande mmoja.* Hapa kweli mkono au upepo umetikisa kamera. Kwa milimita 400 kwenye kihisi cha APS-C kasi ya shata, yaani muda ambao kihisi kinapokea mwanga, isishuke chini ya sekunde 1/600 ukishika kwa mkono, na upepo wa kaskazi ukiwa unasukuma lenzi, 1/1000 ndiyo salama.

*Mkanda upo, mwili umekaza, lakini miguu au mabawa yamefutika.* Kasi ya shata ilikuwa ndogo kwa mwendo wa ndege. Yule chekeamwezi mdogo mweupe anayekimbizana na wimbi (Calidris alba) huchezesha miguu kwa kasi ambayo 1/1000 haiikamati, nenda 1/2000. Ndege wanaoruka wanataka 1/2500 hadi 1/3200. Aliyesimama kwa mguu mmoja amelala, 1/500 inatosha, na hapo unaweza kuishusha ISO (usikivu wa kihisi kwa mwanga, ambao ukipanda huleta chengachenga kwenye picha).

*Kila kitu kimelegea, kingo za ndege zimejikunja kama zinaonekana chini ya maji, na hata kwa 1/4000 hali ni ileile.* Hayo ni mazigazi ya joto. Mchanga mkavu umepata moto, hewa iliyo juu yake inapanda kwa mapovu yenye joto tofauti, na mwanga unapinda ukipita humo. Picha kumi mfululizo zitatoka kumi tofauti, kila moja imejikunja kivyake, na hiyo ndiyo alama ya kutofautisha mazigazi na fokasi mbovu. Kuanzia kama saa 3 asubuhi siku ya jua kali, kumpiga ndege aliye mita 40 kupitia mchanga mkavu ni kazi bure, hata lenzi iwe ya bei gani. Songa ili njia ya kati yako na ndege iwe maji au mchanga uliolowa, ambao hauchemki haraka. Subiri wingu. Sogea karibu, maana kila mita unayoipunguza inapunguza hewa mbovu. Kama lenzi imetoka kwenye gari lililokuwa juani, iache ipoe kwanza, na livue lile bomba la kukinga jua mbele ya lenzi, kwa kuwa hewa ya moto hunaswa humo pia. Kwenye uhariri hakuna dawa. Kitelezi cha ukali kinazidisha mikunjo, na kile cha kuondoa ukungu kinaifanya ionekane zaidi.

*Picha nzima imepauka, taa na mimeto imezungukwa na duara la mwanga, weusi si mweusi.* Kioo cha mbele kina mvuke au chumvi. Mvuke unakuja pale kamera inapotoka chumba chenye kiyoyozi na kukutana na hewa nzito ya pwani. Usifute, utakuwa unafuta kila dakika. Na usivue lenzi, maana mvuke utaingia hadi kwenye kihisi. Kamera na ilale ndani ya begi lililofungwa, nje ya chumba chenye baridi, dakika 30 hadi 45 kabla ya kuitumia. Ukiamka saa 11 alfajiri, begi lishakaa barazani usiku kucha. Chumvi ni jambo jingine, tutaifikia.

Ndege ni doa dogo katikati ya picha

Watu hujibu hili kwa kukata picha kwenye kompyuta. Kata kadiri unavyopenda, lakini jua hesabu: kamera ya megapikseli 24 inatoa pikseli 6000 kwa 4000. Ukibakiza 2000 kwa 1333, inatosha kwa mtandaoni. Ukitaka kuchapisha upana wa sentimita 30 kwa nukta 300 kwa inchi, unahitaji pikseli 3543. Chini ya hapo, na chengachenga za ISO zimekuzwa pamoja na ndege, unachopata si manyoya tena.

Chanzo halisi ni kwamba mpigaji anamfuata ndege badala ya kumwacha ndege aletwe na maji. Bagamoyo wakati wa bamvua, siku chache kuzunguka mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Maji yakitoka, yanakwenda mbali, na ndege wanayafuata hadi ukingoni, ambako utawaona kama vijipunje vyeusi. Ukiwafuata huko wanaruka, wanatua mita mia mbele, unawafuata tena. Mtu anaweza kutembea hivyo asubuhi nzima.

Sasa tazama saa. Kwa kawaida siku za bamvua maji hupwa kabisa kama saa 4 au 5 asubuhi na kujaa kama saa 10 hadi 11 jioni. Kwa hiyo kuanzia saa 8 mchana maji yanarudi na kuwasukuma ndege kuelekea nchi kavu, kwenye mkanda wa ufukwe unaozidi kuwa mwembamba. Na wakati huohuo jua limeshahamia magharibi, yaani nyuma yako ukitazama bahari. Maji, ndege na mwanga vinakuja kwako kwa pamoja. Ukiwa na siku moja tu ya kupiga picha kwa mwezi, iwe ni siku ya bamvua, na ukae mchangani kabla ya saa 8 na nusu. Siku za maji mafu hesabu inageuka: maji hujaa katikati ya asubuhi, yanasogea kidogo tu, kama mita moja hivi, na ndege wanatawanyika. Kila siku nyakati husogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo angalia jedwali la maji la Dar es Salaam au muulize mvuvi yeyote pale sokoni. Atakujibu bila kuangalia popote.

Namna ya kukaa:

1. Chagua mahali penye mchanga uliolowa na alama nyingi za midomo, vitundu vidogo vilivyopangana mistari. Hapo walikula maji yaliyopita, na watarudi.
2. Tandika turubai au gunia, lala kifudifudi, miguu ikielekea nchi kavu.
3. Weka lenzi juu ya sinia ya aluminiamu yenye mfuko mdogo wa maharage, kilo moja na nusu, usiojazwa sana ili lenzi ijizamishe. Sinia inateleza juu ya mchanga bila kuchimba na inakinga punje zisiingie kwenye pete za lenzi.
4. Vaa nguo zilizofifia, usivae nyeupe, na usisimame ghafla hata kama mguu umekufa ganzi. Wanaokula karibu nawe wakiondoka, wanaondoka na wale wa mbali.

Ukilazimika kusogea, usiende moja kwa moja. Enda mshazari, tambaa hatua tatu, simama, tazama. Ndege aliyeacha kula na kuinua kichwa amekuona. Akianza kutembea kukuacha, umeshapita mpaka wake; rudi nyuma kidogo na asubiriwe. Hili si suala la adabu tu. Chekeamwezi wengi wanaofika kwetu kuanzia Agosti na Septemba wamezaliwa Siberia na kandokando ya Aktiki, na Aprili wanapaswa kuwa wamenenepa vya kutosha kurudi huko. Kila wanaporushwa wanachoma mafuta waliyoyatafuta siku nzima. Machi na Aprili ndiyo miezi wanayopendeza zaidi, wengine wakiwa wamegeuka rangi ya matofali kifuani, na ndiyo miezi ya kuwaacha watulie.

Jambo la usalama: kwenye tope la Kaole na Mbegani, maji yanaporudi hayaji kwa mstari mmoja kutoka mbele. Vijito vilivyo nyuma yako, upande wa mikoko, hujaa kwanza. Kabla ya kulala chini, tazama utarudi kwa njia gani, na uondoke mapema. Vaa viatu, tope lina makombe na miba ya samaki.

Kila ndege kanipa mgongo

Dalili hii inaudhi kuliko zote kwa sababu kila kitu kingine kiko sawa: mwanga, umbali, fokasi. Chanzo ni upepo. Ndege wa ufukweni akipumzika hugeukia upepo, ili manyoya yasifumuke, na anapopaa na kutua anafanya hivyohivyo. Kati ya Desemba na Machi, kaskazi inavuma kutoka baharini. Wewe uko nchi kavu unatazama bahari, ndege pia anatazama bahari. Utapata mikia.

Dawa ya kwanza ni kupiga wanaokula badala ya wanaopumzika, kwa sababu anayekula hukimbia sambamba na wimbi na kukupa ubavu. Ya pili ni kuamka mapema: kabla bahari haijaanza kupuliza, upepo mwepesi wa umande hutoka nchi kavu, na ndege wanakugeukia uso. Bei yake ni jua, kwa kuwa Bagamoyo linachomoza baharini, nyuma ya ndege. Ukiamua hivyo, piga kivuli chenye ukingo wa dhahabu kwa makusudi, au piga dakika zile za kwanza kabla jua halijatoka, kwa ISO 1600 na zaidi, ambapo mwanga ni laini na hauna upande.

Dawa ya tatu, na ndiyo bora kwa mwenye subira, ni mashamba ya chumvi ya Nunge. Maji yakijaa ufukweni, ndege wanahitaji mahali pakavu pa kusubiri, na matuta ya mashamba ya chumvi yanawafaa. Omba ruhusa kwa wenye shamba kwanza, na usikanyage kingo laini za mabwawa, maana ukilibomoa tuta umemwaga kazi ya mtu ya siku nyingi. Uzuri wa pale ni kwamba unaweza kuzunguka. Jioni ya kaskazi, ndege wakiwa wameelekea kaskazini-mashariki, kaa upande wao wa kaskazini-magharibi: utapata ubavu mzima, na jua litakuja kutoka mkono wako wa kulia na nyuma kidogo, likichonga kila unyoya. Ndege waliolala hawataki kukaribiwa. Kaa pale kabla hawajafika.

Weupe umeungua, au ndege amekuwa mweusi

Kamera inakadiria mwanga kwa kudhani kwamba kila mandhari ni ya kijivu cha wastani. Ufukwe haumo kwenye dhana hiyo. Yule ndege mla kaa mwenye mwili mweupe, mgongo mweusi na mdomo mnene (Dromas ardeola), anayezaliana kwenye mashimo ya mchanga kando ya Bahari ya Arabu na kuja kwetu msimu usio wa kuzaa, ni mtihani kamili. Akisimama kwenye tope jeusi la Kaole, kamera inaona weusi mwingi, inafungua mwanga, na kifua chake kinaungua. Akisimama mbele ya povu jeupe, kamera inafunga mwanga, na anageuka kijivu.

Fidia ya mwanga, kwa hatua (EV), ni hii: ndege mweupe kwenye tope au maji meusi, punguza kati ya 0.7 na 1. Ndege yeyote mbele ya povu au mchanga unaometa, ongeza 0.7 hadi 1. Washa onyo la sehemu zilizoungua; kifua kikipepesa, punguza tena. Mawimbi yakipepesa bila kifua, acha.

Njia tunayoipendelea zaidi ni kuweka kila kitu kwa mkono, kwa kuwa ndege anahama kutoka tope hadi povu kwa sekunde mbili lakini jua halibadiliki. Jua wazi likiwa nyuma yako, anza na f/8, 1/2000, ISO 500. Piga moja, kagua kifua, rekebisha ISO kwa theluthi moja, kisha usiguse tena hadi wingu lije. Kwa f/6.3 nenda 1/3200 kwa ISO hiyohiyo.

Faili liwe la RAW, yaani data ghafi ya kihisi kabla kamera haijaibana kuwa JPEG. JPEG ikiungua imeungua. Kwenye RAW, kama rangi moja au mbili ndizo zilizojaa, kitelezi cha sehemu angavu kitarudisha mistari ya manyoya; zikijaa zote tatu, utapata doa la kijivu lisilo na kitu ndani. Ndege aliyekuwa mweusi anaweza kuinuliwa, ila akiinuliwa zaidi ya hatua mbili, chengachenga zinajitokeza tumboni na chini ya bawa.

Ndege amebandikwa kwenye mchanga

Umepiga ukiwa umesimama. Nyuma ya ndege kuna mchanga uleule ulio chini yake, kwa hiyo hakuna kinachomtenganisha. Shusha lenzi iwe sentimita 15 hadi 20 kutoka chini na mandhari yatasogea mbali mara moja: ngalawa zinakuwa rangi tu, mifuko ya plastiki inapotea nyuma ya kilima kidogo cha mchanga. Ukilala chini, upeo wa bahari huinama bila wewe kujua. Washa mstari wa usawa ndani ya kamera.

Lenzi inakwaruza ikizungushwa

Acha kuzungusha. Punje iliyoingia kwenye pete inasagwa na kila mzunguko, na inaelekea ndani. Geuza lenzi itazame chini, puliza kwa kipulizio cha mpira, piga brashi laini kuzunguka pete, kisha zungusha polepole kidogo tu. Ikiendelea kukwaruza, ipeleke kwa fundi kabla haijashika. Usipulize kwa mdomo. Mate yana chumvi na maji pia.

Kioo chenye chumvi hakifutwi kikavu. Ndani ya ule ukungu mweupe kuna punje ambazo hazionekani, na kitambaa kikavu kinazigeuza msasa. Puliza kwanza, kisha tumia kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, futa kwa duara kutoka katikati, malizia kwa kitambaa kingine kikavu. Mwili wa kamera ufute kwa kitambaa chenye unyevu jioni ileile, siyo kesho. Stendi ya miguu mitatu ifunguliwe viungo vyote na ioshwe kwa maji ya bomba. Chumvi ikikaa usiku mmoja, viungo vinaanza kuganda. Lenzi usibadilishe ufukweni. Ukilazimika, upe upepo mgongo, kamera itazame chini, na iwe ndani ya begi.

Matatizo yanayozaliwa kwenye uhariri

*Tumbo la ndege ni la buluu.* Mchanga uliolowa unarudisha anga, na anga inapaka tumbo. Weka kipimo cha rangi kati ya 5200 na 5500 K kwa picha za jua, kisha chukua brashi, ipitishe tumboni tu na uongeze joto kidogo. Ukipasha picha nzima ili kuponya tumbo, mchanga utakuwa wa chungwa. Bakisha buluu kidogo, ndivyo ilivyokuwa.

*Ndege amezungukwa na mstari mweupe.* Ukali umezidi, au kitelezi cha uwazi kimevutwa mno. Kwenye Lightroom, programu ya uhariri ya Adobe, anza na kiasi 40 hadi 60, upana 0.8 hadi 1.0, na kitelezi cha barakoa 70 hadi 80. Shikilia Alt (Option kwa Mac) unapokisogeza: vinavyobaki vyeupe ndivyo vitakavyonolewa. Simama pale maji yanapokuwa meusi kabisa na manyoya bado yanaonekana. Darktable, ambayo ni ya bure, inafanya kazi hiyohiyo, kanuni haibadiliki.

*Mandhari ya nyuma yana chengachenga.* Umenoa kwanza, ukapunguza chengachenga baadaye. Geuza mpangilio. Kisha tenga ndege na mandhari: mandhari yapunguzwe sana, ndege kidogo, jicho lisiguswe kabisa. Manyoya ya chekeamwezi yana vidoa vidogo ambavyo programu huvidhania kuwa chengachenga na kuvifuta, na hapo ndege anakuwa wa plastiki.

*Madoa ya kijivu yanayorudi mahali palepale kila picha.* Vumbi kwenye kihisi. Linaonekana zaidi ukifunga upenyo kuanzia f/11, kwenye anga na maji tulivu. Yafute kwa brashi ya kuziba, kisha safisha kihisi nyumbani.

*Picha ni nzuri lakini inabana.* Acha nafasi upande anakotazama, na usikate miguu wala kivuli chake majini katikati. Kikate chote au ukibakize chote.

Kuna kimoja cha kutofuta. Ukiona pete ya chuma au kibendera cha rangi mguuni, usikiondoe kwa sababu kinaharibu urembo. Kimewekwa na watafiti, na namba au rangi zake zikipelekwa kwa waliomvisha, safari ya ndege huyo inajulikana. Piga kipande hicho mara kadhaa kutoka pande zote mbili, na uweke tarehe na mahali.

Na kwa ndege mdogo wa mchanga anayeishi kwetu mwaka mzima (Anarhynchus marginatus, zamani Charadrius marginatus): akianza kuburuza bawa mbele yako kama aliyevunjika, huna bahati ya picha, una kiota miguuni. Mayai yake yako juu ya mstari wa maji kujaa, yamefukiwa nusu kwa mchanga, na juani yanapata moto upesi mama akikimbia. Rudi kwa nyayo zako zilezile.

Kwenye simu ya rafiki rangi zimebadilika

Umehamisha picha kwa Adobe RGB au ProPhoto, mifumo ya rangi ambayo simu na programu nyingi haziisomi sawasawa. Itoe kwa sRGB, JPEG ya ubora 80 hadi 85, upande mrefu pikseli 2048, na ukali wa kutoa kwa ajili ya skrini uwe wa chini. Ukituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa na manyoya yanavurugika. Itume kama dokumenti.